Askari Asiyejulikana na Askari Asiyeandikwa

Katika sherehe za kuwakumbuka mashujaa, iwe ni tarehe 9 Juni hapa kwetu Uganda, tarehe 25 Julai kwa ndugu zetu wa Tanzania, au tarehe 20 Oktoba huko Kenya, kuna sehemu moja ya hotuba ambayo hupita upesi mno. Ni pale msemaji anapomaliza kuwataja mashujaa wanaojulikana, kisha akawaongeza kwa maneno machache wale ambao majina yao hayajulikani. Tarumbeta hulia, askari husimama wima, dakika ya kimya hupita, na ratiba huendelea na jambo jingine. Makala haya yanakusudia kukaa kidogo katika dakika hiyo, na kuuliza ni nani hasa tunayempigia saluti wakati huo, na ni kwa sababu gani jina lake halijulikani.

Mji wa Tororo, uliokaa chini ya ule mwamba mkubwa ambao madereva wa malori huuona kutoka mbali, na miji miwili ya Busia iliyobeba jina moja katika nchi mbili, aghalabu haitajwi katika hotuba za mashujaa. Luweero hutajwa, na ni haki itajwe, kwa kuwa tarehe 9 Juni yenyewe ilitoka huko, siku alipouawa Edidian Luttamaguzi mwaka 1981 katika kijiji cha Kikandwa. Lakini ardhi ya mpakani nayo ilimeza watu, na iliwameza kwa namna ambayo inalifanya swali letu kuwa gumu zaidi kuliko linavyoonekana katika uwanja wa gwaride.

Tuanze na mwaka 1979. Mapema mwezi Machi, wakati majeshi ya Tanzania na wapiganaji wenzao wa Uganda walipokuwa wakisonga mbele upande wa kusini, kundi la wananchi wa Uganda waliokuwa uhamishoni lilivuka mpaka kutoka Kenya na kuushambulia mji wa Tororo. Kambi ikaingiliwa, na sehemu kubwa ya askari waliokuwa wakiilinda wakaasi, wakageukia upande wa washambuliaji. Ushindi huo haukudumu. Vikosi vilivyobaki vitiifu kwa Idi Amin vililetwa kwa haraka, na baada ya siku chache mji ulikuwa umerudi mikononi mwao, na waliousalimisha wamekufa au wametawanyika.

Msomaji ambaye ni askari ataona mara moja shida iliyopo. Katika mapigano yale ya siku chache walikuwapo watu wa aina tatu, na wote walikuwa wananchi wa nchi moja: aliyevuka mpaka na nguo za raia au sare ya kuokoteza, askari wa kambi aliyeasi, na askari wa kambi aliyekataa kuasi. Hawa wawili wa mwisho walikuwa na sare kutoka ghala moja, viatu kutoka ghala moja, na risasi kutoka sanduku moja. Mkulima wa leo akipiga jembe na kufukua mfupa pamoja na kifungo cha shaba, kifungo hicho hakiwezi kumwambia lolote juu ya moyo wa aliyekivaa.

Mambo yakazidi kuchanganyika wiki chache baadaye. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili, Jinja ikafuata tarehe 22 Aprili, kisha majeshi yakaelekea mashariki hadi kwenye mpaka wa Kenya, na tarehe 3 Juni vita vikawa vimekwisha. Kila aliyeishi wakati ule anajua kwamba askari wa Amin waliokuwa wakikimbia walivua sare zao njiani. Kwa hiyo kuna waliokufa na sare isiyosema kweli, na kuna waliokufa bila sare yoyote ingawa walikuwa askari.

Miaka minane baada ya hapo, Oktoba 1987, wapiganaji wa Alice Lakwena walipita katika nchi ya Tororo wakielekea Jinja. Hao walikuwa zaidi wakulima na vijana, wamejipaka mafuta waliyoaminishwa kwamba yatazuia risasi, hawana namba ya jeshi wala orodha ya kombania iliyotunzwa mahali. Walipambana na askari wa NRA waliokuwa na orodha. Walioanguka upande mmoja waliripotiwa kwa namba na cheo. Walioanguka upande wa pili, aghalabu mama zao walijua tu kwamba hawakurudi. Kisha katika Desemba ya mwaka ule ule risasi zikalia Busia kwenyewe, kati ya askari wa Uganda na askari wa Kenya, na watu wakafa pande zote mbili, mpaka Rais Moi na Rais Museveni walipokutana Malaba tarehe 28 Desemba na kuyamaliza. Ilikuwa aibu ya siku chache, na kwa sababu ni aibu hakuna sherehe yake. Lakini waliokufa walikuwa kazini.

Sasa tuitazame desturi yenyewe ya kumheshimu askari asiyejulikana, kwa maana wengi wanadhani ni ya kale. Si ya kale. Ilizaliwa tarehe 11 Novemba 1920, siku moja katika miji miwili, London na Paris. Ufaransa ilipanga majeneza manane mjini Verdun, kila moja na mwili wa askari ambaye hakutambulika, na askari kijana aliyeitwa Auguste Thin akatakiwa achague. Alikuwa wa rejimenti ya 132. Akajumlisha moja na tatu na mbili, akapata sita, akaweka maua juu ya jeneza la sita. Uingereza nayo ilifukua miili michache kutoka viwanja mbalimbali vya mapigano, ofisa mmoja akachagua mmoja wapo, na ukazikwa katika Westminster Abbey pamoja na wafalme.

Nguvu ya sherehe ile ilikuwa katika jambo moja: kila mama aliyepotelewa na mwana aliweza kuamini kwamba aliye ndani ya jeneza ni wake. Lakini jambo hilo liliwezekana kwa sababu ya jingine ambalo halisemwi sana. Waliochagua walikuwa na hakika kwamba mwili ule ni wa Mwingereza, au ni wa Mfaransa. Mahandaki yalikuwa yametenganisha majeshi kwa miaka minne, sare zilikuwa tofauti, lugha tofauti. Jina lilikosekana, upande haukukosekana.

Tororo haina faraja hiyo. Ikiwa kesho tutaambiwa tuchukue mfupa mmoja kutoka ardhi ile tuupeleke Kampala, tuufunike bendera na kuupigia mizinga, tutakuwa tumeuheshimu upande ambao hatuujui. Wapo watakaosema haidhuru, wote walikuwa wana wa Uganda. Maneno hayo ni mazuri, nami nayapenda, ila nchi nyingine ilikwisha kuyatumia vibaya. Huko Hispania, Jenerali Franco alijenga kaburi kubwa mlimani, likafunguliwa mwaka 1959, na humo ikawekwa miili zaidi ya 33,000 ya waliokufa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alisema ni mahali pa mapatano. Lakini miili mingi ya wale aliowashinda ilichukuliwa kutoka makaburi ya pamoja bila ya jamaa zao kuulizwa, na yeye mwenyewe akaja akazikwa katikati yao. Ilichukua hadi mwaka 2019 kumtoa humo, na mpaka leo kuna familia zinazodai mifupa ya babu zao. Kuwaweka watu pamoja bila kuuliza ni nani hakukuleta mapatano.

Hapa ndipo inapofaa kutenganisha maneno mawili ambayo hotuba zetu huyachanganya. Kuna askari asiyejulikana, na kuna askari asiyeandikwa. Wa kwanza alikuwa na jina kwenye orodha, lakini bomu au moto au maji yaliufanya mwili wake usitambulike. Wa pili hakuwa kwenye orodha yoyote, kwa kuwa mwenye kalamu hakuona haja ya kumwandika. Heshima ile ya London ilibuniwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Sisi Afrika Mashariki tunao zaidi wa aina ya pili.

Ushahidi tunao tangu vita vya 1914 hadi 1918. Waingereza walikusanya wapagazi wapatao milioni moja kuwabebea risasi na vyakula wakati wa kumfukuza Jenerali von Lettow-Vorbeck. Watu wa Nyanza na wa upande wetu wa mpaka walichukuliwa kwa maelfu. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara kwa mara ni takriban 95,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi ndiyo majina waliyotuachia, jina la kikosi lililogeuka kuwa jina la soko. Makaburi yao je? Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Gavana wa Tanganyika alishauri kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudiwe na pori. Hakuna bomu lililoyafuta majina hayo. Uamuzi wa ofisini uliyafuta. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika taarifa yake ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Badala yake zilijengwa sanamu za askari, kama ile ya Dar es Salaam ya mwaka 1927, nzuri kutazama, zisizo na jina hata moja la Mwafrika.

Wakati dola likifanya hivyo, watu wa vijijini walikuwa na sherehe yao. Miongoni mwa Wajaluo wa Kenya, mtu akipotea mbali na mwili wake usipatikane, jamaa huchukua tunda la mti uitwao yago, lile refu linalofanana na soseji kubwa, wakalizika mahali pake kwa taratibu zote za mazishi. Buganda hufanya hivyo kwa shina la mgomba. Watu waliokaa mijini hucheka. Hawana sababu ya kucheka, kwa maana mjane huwa ameruhusiwa kuvua matanga, mtoto huwa amepata kuitwa mrithi, na shamba huwa limepata mwenyewe. Tazama jinsi sherehe hizi mbili zinavyopishana: serikali huzika mwili usio na jina, na kijiji huzika jina lisilo na mwili. Inawezekana kabisa kwamba mifupa iliyo chini ya udongo wa Tororo na tunda lililozikwa nje ya boma fulani, ng'ambo ya mpaka, ni mtu mmoja aliyezikwa mara mbili, na hakuna aliyewakutanisha.

Tanzania ilichagua njia nyingine, na katika jambo hili tunapaswa kuwasifu. Baada ya vita vya Kagera, askari wao 435 waliokufa walizikwa katika makaburi ya jeshi ya Kaboya, wilayani Muleba, na mnara mweupe ukajengwa wenye majina yao. Tarehe 25 Julai 2013 Rais Kikwete na viongozi wenzake walikwenda kufanya kumbukumbu pale pale, siku chache tu baada ya askari saba wa Tanzania kuuawa Darfur. Katika sherehe zao Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, na mwenyekiti wa wazee waliopigana huweka shoka. Mwanajeshi wa nje akiona silaha hizo za jadi huenda akadhani ni maonyesho tu. Kaboya inaonyesha kwamba nyuma ya mkuki ule kuna karani aliyekaa akaandika.

Huko ng'ambo nako mambo yamegeuka. Marekani ilikuwa imemzika Arlington, mwaka 1984, askari asiyejulikana wa vita vya Vietnam. Mwaka 1998 jeneza lilifukuliwa, vinasaba vikapimwa, na mtu akapatikana: Luteni Michael Blassie, rubani aliyeangushwa mwaka 1972. Alipelekwa kwao, na kaburi lile likaachwa tupu mpaka leo. Katika visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas, zaidi ya makaburi 120 ya askari wa Argentina yalikuwa na maandishi kwamba aliyemo anajulikana na Mungu pekee. Tangu mwaka 2017 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikiyafukua kwa idhini ya familia na ya serikali zote mbili, na zaidi ya mia moja wamerudishiwa majina. Serikali hizo mbili hazijapatana juu ya visiwa hivyo. Juu ya mifupa zilipatana. Karibu zaidi na sisi, baada ya shambulio la El Adde nchini Somalia tarehe 15 Januari 2016, Kenya ilibidi itumie vinasaba kuwatambua askari wake kabla ya kuwakabidhi kwa jamaa. Nasi Uganda tulipata msiba wa Buulo Mareer tarehe 26 Mei 2023, ambapo Rais alitangaza kwamba askari wetu 54 waliuawa. Askari hao walikuwa kwenye orodha. Ndiyo maana tunaweza kuitaja namba bila kubahatisha.

Tukubali basi kwamba mambo haya si ya kumbukumbu tu, ni wajibu wa kikazi. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 inamtaka anayeshika uwanja awatafute waliokufa, awatambue kwa kadiri awezavyo, awazike kwa heshima na kuweka alama kaburini, bila kujali walikuwa wa upande gani. Kibati cha shingoni kinapokuwa cha vipande viwili, kimoja hubaki na mwili na kingine huenda makao makuu. Itifaki za mwaka 1977 ziliongeza haki ya familia kujua yaliyompata mtu wao, na zikalipeleka jukumu la kuwatafuta waliokufa hata katika vita vya ndani. Katika mafunzo ya makadeti tulitumia asubuhi nyingi kujifunza mwendo wa pole wa mazishi na namna ya kushika bunduki mdomo ukitazama chini. Asubuhi za kujifunza kuchora ramani ya mahali alipozikwa mwenzako zilikuwa chache. Nadhani maofisa wengi wa rika langu watakiri hivyo hivyo.

Kwa upande wa polisi kazi ni nyingi zaidi kuliko wanavyodhani. Mfupa ukionekana shambani, anayeitwa wa kwanza ni konstebo wa kituo cha karibu. Akiandika katika kitabu cha matukio kwamba mabaki ya kale yameonekana na kufukiwa tena, basi amemaliza kazi ambayo adui aliianza. Akiandika mahali hasa, kina cha shimo, vitu vilivyokuwa pamoja na mabaki, na majina ya wazee wanaokumbuka mapigano ya eneo lile, amempa mtu wa kesho mlango wa kuingilia. Nchi yetu haijakosa maabara ya kupimia vinasaba. Kinachokosekana ni maandishi ya kuieleza maabara imlinganishe nani na nani.

Nimesikia hoja kwamba tukianza kuandika waliokufa Tororo mwaka 1979 na 1987 tutafufua chuki, kwa kuwa baadhi yao walimpigania Amin au Lakwena. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa maana waliotendewa ubaya bado wapo. Lakini kuandika jina si kutoa nishani. Orodha inaweza kuwa na safu ya jina, ya mahali, ya siku, na ya upande kama unajulikana. Sherehe ya kitaifa itabaki na uamuzi wake kuhusu nani wa kuitwa shujaa. Hatari ninayoiona mimi iko kwingine: kwamba tutajenga kaburi moja la kupendeza la askari asiyejulikana, tuweke walinzi wenye glavu nyeupe, kisha kila faili lililo gumu lipelekwe huko likazikwe pamoja naye.

Ikiwa kaburi hilo litajengwa siku moja, nami sipingi lijengwe, liwe la mwisho katika mpango, baada ya orodha. Na orodha ianzie wilayani, katika kambi ya Rubongi, katika vituo vya polisi vya Tororo, Malaba na Busia, kwa kushirikiana na wenzetu wa Kenya, kwa kuwa Wateso, Wasamia na jamaa zao wamekaa pande zote mbili, na waliovuka Machi 1979 walitoka upande ule. Tangu Februari 2018 lori likifika Busia hukaguliwa mara moja tu kwa ajili ya nchi zote mbili, katika kituo kimoja. Ofisa wa Uganda na ofisa wa Kenya wanakaa chini ya paa moja. Daftari la kuandikia maulizo ya familia zilizopotelewa na watu halihitaji jengo jipya.

Kinachohitaji haraka ni masikio. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Tororo ilipovamiwa, aliyeona ni shimo gani lilichimbwa na kando ya mti gani, sasa amekwisha kupita miaka 65.